Wiki ya Hamsini na Tatu

Barua yenyewe haikufika hata nusu ukurasa. Baba aliikunjua juu ya meza ya jikoni, akainyoosha kwa kiganja, kisha akamsukumia binti yake kama mtu anayetupa karata ya ushindi. "Soma, Injinia," alisema. "Halafu uniambie hiyo kompyuta yenu ilikunywa nini siku hiyo."

Binti alisoma. Utumishi wa fundi wa mashine za kufuma, kadi namba 1147, umefikia mwisho kwa sababu jumba la mashine za zamani limefungwa. Muda wa utumishi: miaka ishirini na tisa na wiki hamsini na moja. Kwa kuwa hakutimiza miaka thelathini, hana haki ya kubaki katika nyumba ya kiwanda. Anatakiwa kukabidhi funguo ndani ya siku kumi za kazi.

Katika kota za kiwanda kile cha nguo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana yake. Mwenye miaka thelathini alibaki na mkewe ndani ya nyumba mpaka Mungu awachukue wote wawili. Asiyeitimiza alitoka. Baba alikuwa amezichora wiki zake kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati, na siku uongozi ulipotangaza tarehe ya kulifunga jumba la zamani, alizihesabu tena na tena, kisha akacheza jikoni na magoti yake mabovu. Tarehe ile iliangukia kwenye miaka thelathini kamili, haikuzidi hata siku moja.

"Utakuwa ulihesabu vibaya," alisema mama. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni, na sauti yake ilikuwa ya kugomba kwa sababu alikuwa anaogopa.

"Nihesabu vibaya mimi? Mimi na Kimya tuliingia getini siku moja. Mimi 1147, yeye 1148. Kamuulize."

"Kimya amekwisha saini. Mkewe kaniambia sasa hivi kwenye bomba. Walimpa barua dirishani, wakampa na kalamu, akasaini hapo hapo."

"Alaa! Amesaini bila kusoma?"

"Amesoma. Amesema kama wameandika basi wanajua."

Baba alicheka kidogo, maana huyo ndiye alikuwa Mzee Kimya, jirani wa nyumba ya pili. Miaka thelathini alisimama mashine ya mkono wa kushoto na baba mkono wa kulia, na watu walisema maneno yake yote yangeenea kwenye kiberiti. Binti alikua akimwita baba mdogo, ingawa hawakuchangia hata tone la damu.

"Siku kumi za kazi ni mpaka lini hasa?" aliuliza mama.

Binti hakuhitaji kutazama kalenda. "Mpaka Jumatano. Si hii ya kesho wala ya wiki ijayo, ile inayofuata. Jumamosi na Jumapili hazimo. Na Alhamisi ya wiki ijayo ni sikukuu, nayo haimo."

"Unaona?" baba alimwambia mkewe kwa fahari. "Kichwani tu! Usisaini kitu, ndivyo atakavyoniambia sasa. Si ndiyo?"

"Usisaini kitu, baba," alisema binti, akairudia barua pale palipoandikwa miaka na wiki.

Maana kompyuta hiyo, kwa upande wa tarehe, ilikuwa kazi ya mikono yake. Miaka minne nyuma kampuni aliyoajiriwa ilipata zabuni ya kukitengenezea kiwanda mfumo wa utumishi, na yeye ndiye aliyepewa kipande cha kuhesabu tarehe, kile ambacho watu wa kazi yake hukiita moduli. Kila chenye siku ndani yake kilipitia hapo: likizo, sikukuu, muda wa kukata rufaa, urefu wa utumishi. Baba alilitangaza jambo hilo kwa kinyozi, kwa fundi viatu, hata kwa watu waliokuja kuzibua bomba.

*

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi kila asubuhi. Wenzake walimtania kwa jina la Kalenda. Jumatano ile aliingia bila kumsalimia mtu, akafungua moduli yake na kuanza kuisoma kutoka juu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Mwaka wa kiwanda haukuwa ule unaoning'inia ukutani. Wahasibu wake waliuhesabu kwa wiki nzima nzima, hamsini na mbili, ili wiki ya mwaka huu ilinganishwe na wiki ya mwaka jana. Lakini wiki hamsini na mbili hazifikishi mwaka wa kweli. Hubaki siku moja, au mbili, nazo hujikusanya chini chini mpaka baada ya miaka mitano au sita zinakuwa wiki kamili. Mwaka huo kiwanda huongeza wiki moja mwishoni, ya hamsini na tatu, kisha mambo yanaendelea.

Hilo alilijua. Mahesabu ya miaka ijayo aliyafanya vizuri, na wiki ya hamsini na tatu ilikuja kila ilipotakiwa kuja. Lakini kwenye fomu ambayo makarani walitumia kuingiza kadi za zamani, pale penye wiki ya kuanza kazi, aliukuta mstari alioutunga mwenyewe: kuanzia moja hadi hamsini na mbili. Karani akiandika hamsini na tatu, fomu ilimrudishia maandishi mekundu: namba si sahihi.

Alikumbuka simu. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi, na aliyepiga alikuwa karani wa masijala, mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Samahani mwanangu, kuna kadi hapa zimeandikwa wiki ya hamsini na tatu. Mashine inazikataa. Tufanyeje?"

Na yeye, simu imebanwa begani, vidole viko kazini, alijibu bila kufikiri: "Hayo makosa ya mwandiko tu, mama. Ziweke wiki ya kwanza ya mwaka unaofuata."

Alitafuta kwenye ujumbe wa simu wa siku zile akaupata. Karani aliandika: "Nimeziweka zote saba kama ulivyosema." Chini yake ziliorodheshwa namba saba za kadi. Ya sita ilikuwa 1147. Ya saba ilikuwa 1148. Na chini ya hapo, jibu lake mwenyewe: kidole gumba cha manjano kilichosimama juu.

Namba ya 1147 ilikuwa imegongwa kwenye kopo la chakula ambalo baba alikwenda nalo kazini tangu yeye yuko shule ya vidudu. Alijifunzia kuhesabu kwenye kopo lile. Ilimjia hamu ya kupiga kelele, lakini mwenzake wa meza ya pili alikuwa anasimulia habari za mpira, kwa hiyo akaomba ruhusa, akaenda chooni, akalia mdomo umezibwa kwa mkono.

Alhamisi alimpigia karani. Kadi zenyewe zilikuwa zimeuzwa kwa wenye kutengeneza maboksi. Kati ya wale saba, karani alisema, watano walishaacha kazi au walishakufa zamani. "Ni hao wawili tu waliobaki, mwanangu. Kwani vipi?"

Ijumaa Mzee Kimya alihama. Mkokoteni ulibeba godoro, kabati bovu na mashine ya kushonea ya mkewe. Walikuwa wanakwenda kwa mkwe wao, aliyewapa chumba alichokuwa akiwekea magunia. Baba aliushika mkokoteni kwa nyuma usirudi kwenye mteremko. Binti alishika taa ya mezani na mto. Alikuwa anajua tangu Jumatano. Alijiambia kwamba kwanza awaone wakubwa, apate uhakika, asije akampa mzee wa watu matumaini hewa. Alijiambia hivyo mpaka mkokoteni ukakata kona, naye akabaki na mto mkononi, ikabidi aukimbilie.

*

Jumatatu walikwenda kiwandani baba na binti. Baba alivaa shati lake la ndoa za watu. Getini aliweka kitambulisho kwenye mashine kama alivyofanya kila siku, na taa ikawaka nyekundu. Akaweka tena.

"Mfumo umekukataa, mzee," alisema mlinzi, mtu aliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka kumi, sasa akitazama viatu vyake. "Ungekuwa uamuzi wangu… Jiandikishe tu hapa kwa wageni."

Daftari lilikuwa na safu ya jina, ya saa na ya sababu ya kuja. Kwenye sababu baba aliandika "kazi", akasita, akaikata, kisha akaacha pakavu. Mlinzi alimpa benchi. Aliyeitwa ndani alikuwa binti peke yake.

Mwajiri wake, mwenye ile kampuni ya mfumo, alikuwa ameshafika, ametoa jasho. Mkuu wa utumishi alikuwa mwanamke mpole, mwenye kalamu tatu zilizopangwa sambamba. Alisoma ule ujumbe wa karani mara mbili.

"Kwa hiyo kosa ni la masijala," alisema.

"Ni langu," alisema binti. Chini ya meza mwajiri wake alimkanyaga mguu.

"Basi tuseme ni la kiufundi." Mkuu wa utumishi alimtazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Baba yako hajasaini, faili lake liko wazi. Tunaweza kulirekebisha wiki hii hii. Atapata miaka yake thelathini na nyumba yake."

"Na 1148?"

"Huyo amesaini. Amekabidhi funguo. Nyumba kapewa msimamizi mpya, na msimamizi ameshapaka rangi. Nikilifungua faili lake, nimtoe msimamizi? Na kesho kila aliyewahi kuhesabiwa na mfumo huu atakuja na hesabu zake. Siwezi."

Alisogeza karatasi mbili. Moja ilikuwa ya baba, kwamba anapokea marekebisho kama hisani ya kiwanda, hatayazungumza na mtu wala kusimama shahidi kwa dai la mwingine, na akikiuka, yeye au mtu wa nyumba yake, muda wa awali unarudi palepale na nyumba inakwenda. Ya pili ilikuwa ya binti, maneno yaleyale.

"Saini, Kalenda," mwajiri wake alimnong'oneza. "Usijipalie makaa."

Alisaini. Kisha akaichukua karatasi ya baba, akaenda kwenye benchi, akakaa karibu naye, akamweleza yote, hata kile kidole gumba. Alisema haraka haraka akitazama ardhi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezoea kumwambia kila mtu kwamba mtoto huyu hajawahi kukosea hesabu.

"Na Kimya?"

"Kimya hayumo, baba."

Baba aligeukia geti. Lori la marobota likatoka getini, mlinzi akafungua, akafunga. "Mama yako amejenga lile jiko la uani kwa mikono yake," alisema mwishowe, kama mtu anayejibizana na mtu asiyeonekana. "Mguu wake ule hauwezi ngazi za nyumba za kupanga. Nitamweka wapi?" Aliomba kalamu kwa mlinzi, akasaini juu ya goti, na jina likatoka kama la mtu mwingine.

*

Barua mpya ilikuja Ijumaa, siku iliyofuata ile sikukuu. Mama aliibusu. Alifua mapazia, akayapiga pasi, akayarudisha madirishani, akaimba. Binti hakuwa amemwambia kuhusu Kimya, wala baba hakumwambia. Kwa siku mbili baba na binti walipishana kwenye korido kama wapangaji.

Jumapili mchana hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Mzee Kimya, kaja kwa miguu kutoka kwa mkwe wake, amekumbatia pakiti ya sukari.

"Nimesikia," alisema, uso wote ukicheka. "Nimekuja kukupa mkono, ndugu yangu."

Baba alisimama, akapewa mkono, akakaa. Mama ndiye aliyejaza nyumba maneno: karibu, kaa hapa, huyo mke mwenzangu wa bombani hajambo, mbona hukuja naye, ngoja chai. Aliuliza kuhusu chumba cha magunia, na Kimya akasema ni kizuri, panya wameshahama. Kisha akaipuliza chai yake, akanywa, na bila mtu kumuuliza akaanza kusema, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kusema.

"Nilijiuliza. Nilisema, tuliingia siku moja, tumetoka siku moja, mbona yeye thelathini na mimi pungufu wiki? Halafu nikakumbuka." Aliweka kikombe. "Ule mwaka nilipomzika mtoto. Yule wangu wa kwanza. Unakumbuka, nilikaa nyumbani wiki nzima bila ruhusa."

"Nakumbuka," alisema baba.

"Nyapara aliniambia, nenda kazike, mimi nitakufichia, sitaandika. Miaka yote nimemwombea dua. Kumbe aliandika." Alitingisha kichwa bila kinyongo. "Sawa. Ni haki yao. Wiki ile ilikuwa ya mwanangu, siidai. Ila nilikuwa namwona yule mzee ni mtu wa ahadi. Hilo tu ndilo limeniuma."

Binti alikuwa amesimama na birika. Alitazama mapazia, yalivyonyooka. Alimtazama mama akisukuma sahani ya mkate kuelekea kwa mgeni, na baba, aliyekiinamia kikombe chake kama mtu anayetaka kuzama ndani. Baba aliinua macho. Alikuwa na macho ya kumwomba, ila binti hakujua alikuwa anaombwa nini, aseme au anyamaze. Pengine hata baba mwenyewe hakujua.

"Nawe mwanangu, ahsante," Kimya alimgeukia. "Umempigania baba yako. Ndiyo faida ya kusomesha."

"Baba mdogo," alisema binti. Aliweka birika chini kwa sababu lilikuwa linamwagika. "Wiki hiyo ya mtoto hawakuikata."

"Eti?"

"Nyapara hakuandika. Wiki hiyo haimo popote. Iliyokatwa ni ya kwanza, mlipoingia, na niliyeikata ni mimi."

Alitoa simu, akapiga magoti karibu na kiti chake na kumwonyesha ule ujumbe, namba kwa namba. Alimweleza fomu iliyokataa, simu iliyobanwa begani, siku ya mkokoteni alipokuwa anajua na akanyamaza. Alimweleza karatasi mbili zilizosainiwa na kilichoandikwa ndani yake. Mama alisema "Mungu wangu" mara moja tu, kisha akakaa kwenye kigoda. Baba alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mzee Kimya alishika simu kwa mikono miwili. Hakuuliza habari za nyumba. Alipita na kidole juu ya namba yake, polepole, kama anavyopapasa mtu kitambaa kutafuta uzi uliokatika.

"Kwa hiyo hakuandika," alisema.

"Hakuandika, baba mdogo."

"Alinifichia kweli." Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu, naye hakuyafuta. "Maskini yule mzee. Na mimi nimemsema vibaya kwa mke wangu siku mbili nzima."

Baba aliondoa mikono usoni. "Kesho tutakwenda wote wawili," alimwambia rafiki yake. "Mimi nitasimama shahidi. Na hata wakikukatalia, nitakuwa nimesema."

"Utafukuzwa, ndugu yangu."

"Najua."

Mama aliinuka kwa kujishikilia mezani. Alikwenda kabatini, akafungua mlango wenye michoro ya chaki, akaanza kutoa sahani moja moja na kuziweka juu ya gazeti. Hakumtazama bintiye. Sahani ya nne ilipokuwa mkononi, alisimama.

"Leo inahesabiwa?" aliuliza.

"Haihesabiwi, mama. Ni Jumapili."

"Basi zimebaki ngapi?"

"Tatu," alisema binti, akachukua gazeti, akaanza kufunga vikombe.